Nimemuua Kisanga Wako

Enesi,

Kisanga amekufa. Nimemuua mimi, siku ya Jumanne, ukurasa wa kumi na nne, na sikutumia zaidi ya picha tatu. Nimeona ulisikie kwangu kabla hujalisikia kwa mwingine, kama kuna anayepeleka habari huko.

Naandika kwenye kaunta buku mpya. Shajara nimeiacha sandukuni, maana shajara ni ya mambo ya siku fulani, na wewe huna siku tena. Uliondoka mwezi wa pili katikati ya mvua. Sasa ni mwezi wa saba, Jumapili, baridi ya Tunduma unaijua, vumbi limeingia mpaka kwenye trei ya fotokopi. Nimefunga steshenari, nimekaa nyuma ya kaunta na koti langu zito la Itumba. Nitakueleza kwa mpangilio. Ulizoea kunicheka, "Katibu, wewe hata ukifiwa utaanza na ajenda." Basi nimefiwa. Sikiliza ajenda.

Nianze na Kisanga, kwa sababu nilikuwepo alipozaliwa. Tulikuwa kidato cha tatu. Tumesimama kando ya foleni ya malori tukila mihogo, na askari anamkagua kila mtu, anafungua mpaka begi la mtoto. Akapita mama mmoja na beseni la nyanya kichwani, akaenda Zambia kama anaenda chooni kwake. Hakuulizwa lolote. Ukasema, "Yule haonekani na mtu mwenye sare." Ukamchora palepale, nyuma ya daftari la Jiografia. Mwanamke ambaye mtu yeyote aliyevaa sare hawezi kumwona: polisi, forodha, nesi, hata mwanafunzi. Ukampa uso wako na mwanya wako wa meno. Nilipokwambia unajipendelea ukajibu, "Sasa nimchore wewe, wasomaji wakimbie?"

Mimi nikamwandikia nchi. Waliozidi, tuliwaita, watu waliozaliwa na kitu cha ziada mwilini, wakafukuzwa upande huu kwa mawe na upande ule kwa mbwa, mpaka wakachukua ule ukanda mwembamba ulio kati ya geti letu na geti la Zambia, wakasema hapa ni kwetu. Nchi ya Kati. Wewe ulitaka vita, mimi nilitaka katiba. Niliandika ibara tisa kwa mwandiko mzuri. Ulizisoma zote umesimama, ukasema naandika kama fomu ya forodha, kisha ukachukua kalamu ukaongeza ya kumi:

"Katika Nchi ya Kati hafi mtu. Mwili ukichoka, jina linapewa mwili mwingine."

Niliipenda. Mimi ni Mndali, nyumbani kwetu sikuwahi kuona jambo kama hilo, nikadhani umelitunga. Sikujua kwamba umenakili tu desturi ya nyumba ya mama yako.

Tulitoa matoleo kumi na moja ya kijitabu chetu cha katuni. Unakumbuka tulivyokuwa tukikunja karatasi sakafuni, wewe ukipiga stepla hovyo na mimi nikizitoa kwa kucha na kuzipiga upya? Wanafunzi walisoma mpaka karatasi zikachakaa. Madereva waliokwama kwenye foleni walisoma pia. Yule wa Kongo asiyejua Kiswahili cha kusoma alikuwa akiangalia picha na kucheka peke yake ndani ya kichwa cha lori.

Halafu homa, siku nne. Siku ya nne nesi alipita mbele ya kitanda chako akiangalia mbele, ukanong'ona, "Ana sare," ukacheka mpaka ukakohoa. Mimi nikacheka nawe. Ukaniambia, "Katibu, siku ukianza kuchora wewe, nitafufuka kwa aibu." Ilikuwa saa tisa alasiri. Saa kumi na moja hukuwepo.

Kwenye mazishi mchungaji alisema ulikuwa mpole. Nilitaka kusimama. Hukuwa mpole hata siku moja. Ulimwambia mwalimu wa Hisabati mbele ya darasa kwamba amejaa kama gunia lililofungwa na kipofu. Uliniambia mimi, siku niliyoachwa na yule kijana wa Vwawa, kwamba hata wewe ungeniacha, ila huna pa kwenda. Watu wanakufanya mwema haraka ili wakusahau haraka. Mimi sitakufanyia hivyo.

Sasa sikiliza walichofanya.

Mwezi wa nne Mama Enesi alinitumia mtoto, niende nyumbani Jumamosi. Nilidhani ni kuvunja matanga tu. Nikakuta ndugu zako wa pande zote mbili za mpaka, na katikati ya mkeka amekaa Roda, binti wa mama yako mdogo wa Nakonde, ng'ambo ya mpaka, yule muuza vitenge uliyekuwa ukisema anaongea kama redio isiyozimwa. Siku hiyo alikuwa kimya. Wamemfunga kanga yako ya kijani, wamempa maji kwenye kikombe chako. Mjomba akasimama akasema kuanzia leo huyu ndiye Enesi, mama wa Enesi ni mama yake, mtoto wa Enesi ni mtoto wake. Wakampakata Pendo wako mapajani. Pendo alikuwa na lile gauni la Pasaka.

Nilikuwa mlangoni. Roda akageuka kidogo, mwanga wa dirisha nyuma yake, kanga yako begani, na mimi mjinga, machozi yamejaa, nikaita kwa sauti:

"Enesi!"

Hata sikumwita yeye. Nilikuita wewe. Lakini yeye akaitika, "Abee, rafiki yangu."

Vigelegele vilivyopigwa sijawahi kuvisikia hata harusini. Shangazi yako akanipiga mgongoni, "Umefanya vema, mwanangu! Ndugu tulishamwita wote, tulikuwa tunamngoja rafiki." Kumbe lilibaki neno langu. Nilitia muhuri kitu nisichokijua, mimi ambaye siweki sahihi kwenye karatasi kabla sijaisoma mara mbili.

Wiki iliyofuata Roda akaja dukani.

"Za kazi, Katibu?"

Enesi, alitumia jina lako la kuniitia. Sijui nani alimwambia. Akasema wanafunzi wanamsumbua njiani, toleo jipya lini, kwa hiyo amekuja tuendelee na kazi yetu. Nikamwuliza, kazi yetu na nani? Akachukua toleo la nne kwenye rafu, akalifungua, akaweka kidole kwenye ibara ya kumi. "Nyie wenyewe mmeandika, bane, ndugu yangu. Jina limepata mwili. Mwili ndio huu." Akajipiga kifua, akacheka. Alikuja kwa wema, nilimwona, na ndiyo maana nilimchukia.

Kulikuwa na wanafunzi kama sita wanasubiri fotokopi. Nikampa penseli na karatasi mbele yao.

"Haya, Enesi. Tuchoree Kisanga."

"Awe, hapana, sijajifunza bado."

"Enesi hakujifunza popote. Alizaliwa anachora. Chora."

Alichora. Alikuwa akitoka jasho na baridi yote ile. Mikono ilianzia shingoni. Nikaichukua karatasi, nikainua juu, nikahesabu vidole vya mkono mmoja pamoja na watoto, kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka saba. Walicheka hadi mmoja akaangusha kalamu zangu zote. Mwingine akasema, "Huyu Kisanga anaonekana hata na kipofu!" Roda naye alicheka. Alicheka mpaka mwisho, akaniaga vizuri, akaondoka.

Mimi nikaibandika ile picha kwenye kioo cha duka. Chini yake nikaandika kwa wino mwekundu: IMECHORWA NA ENESI.

Ilikaa siku tisa. Kwenye shajara siku ile nimeandika mistari miwili tu: Nimebandika. Nimefurahi. Sitaifuta, na sitakudanganya kwamba niliumia. Nilifurahi siku zote tisa. Siku ya kumi ndipo nilipogundua kwamba Pendo hupita pale kila asubuhi akienda shule, na yuko darasa la pili, anasoma vizuri. Nikabandua.

Ndipo nikaamua kuanza upya. Si namba kumi na mbili. Namba moja, kama vile hatujawahi kutoa lolote. Nilitaka nchi ianze tena, na safari hii ianze bila ibara yako.

Lakini sijui kuchora, hilo ulilisema na ni kweli. Nilichofanya ni hiki. Nilitoa fotokopi ya matoleo yote kumi na moja, nikachukua mkasi, nikakukata. Vichwa vya Kisanga vyote kwenye bahasha moja, mikono kwenye bahasha nyingine, miguu inayokimbia, miguu iliyosimama, malori, mageti. Kila bahasha nikaiandika. Kisha nikawa nabandika, kichwa cha toleo la tatu juu ya mwili wa toleo la tisa, naziba mishono kwa wino mweupe, natoa fotokopi ya fotokopi mpaka alama za mkasi zinapotea. Wiki tano. Hakuna aliyegundua. Mwalimu mmoja alinunua akasema, "Dada, mmempata mchoraji mwingine, mkono wake kama wa marehemu."

Kitu kimoja tu kilinishinda. Katika vichwa vyote vile, na nilivihesabu mara mbili, hakuna hata kimoja ambacho Kisanga amefumba macho. Hukuwahi kumchora amelala. Kwa hiyo macho ya ukurasa wa kumi na nne nimeyachora mimi. Mistari miwili. Nilisimamisha kalamu juu ya uso wako kwa muda mrefu, nikasubiri ufufuke kwa aibu kama ulivyoahidi. Hukufufuka. Nikachora.

Na hadithi yenyewe ni hii. Bunge la Nchi ya Kati linakaa na kuifuta ibara ya kumi. Anakuja mwanamke mgeni anadai yeye ndiye Kisanga mpya, jina amepewa. Wanamsimamisha mbele ya mtu mwenye sare. Mtu mwenye sare anamwona vizuri kabisa, anamwuliza, "Mama, unatafuta nani?" Waliozidi wanacheka, wanamtoa nje ya geti, kule kwenye mbwa. Yule mgeni nimempa vidole saba. Tunduma nzima ilijua ni nani. Kisha Kisanga wa kweli anakufa, na juu ya kaburi nimeandika: Aliyekufa amekufa. Asiitwe mtu jina lake.

Toleo liliisha siku mbili. Wote wanataka namba mbili. Hatukuwahi kufanikiwa hivi ulipokuwa hai, na nimelisema ili likuume.

Pendo alipata nakala yake shuleni. Alhamisi, chakula cha mchana, wageni wamekaa, Roda amemwekea ugali na kisamvu, akamwita, "Njoo ule, mwanangu." Pendo akasema mbele ya wote:

"Wewe si mama. Wewe ni Roda. Imeandikwa."

Tangu hapo hakula kitu kilichotoka mkononi mwa Roda. Uji wa shule, basi. Bibi yake akimpa anauliza kwanza nani amepika.

Mama Enesi alikuja dukani Ijumaa asubuhi. Nikamwamkia, shikamoo mama. Hakuitika. Alikuwa na lile toleo, amelikunja kama kifuko cha karanga za kuuza.

"Nimemzika mwanangu mara moja nikavumilia," akasema. "Wewe umemfukua ukamzika tena, na safari hii umemfukia pamoja na mtoto."

Nikamjibu. Najua nisingemjibu, lakini nilimjibu. "Mama, Enesi amekufa."

"Najua kuliko wewe. Mimi ndiye niliyemwosha." Akaweka toleo juu ya kaunta. "Sisi watu wazima tunajua. Mtoto ndiye tuliyemtafutia mahali pa kusema mama. Wewe ulikosa nini, Tusekile? Ulitaka tukupe wewe jina?"

Aliniuliza hivyo, Enesi. Wateja walikuwepo. Na alikuwa amepatia. Siku ile mlangoni, kabla sijakuita, nilikuwa nimeona kanga yako kwenye bega la mtu na nikajiuliza kwa nini si bega langu.

Jana Jumamosi nilikwenda. Roda alikuwa uani anafua sare ya Pendo. Pendo amekaa kwenye ngazi, toleo mapajani, amenyong'onyea usoni. Nilikuwa nimepanga maneno ya kuomba radhi, nimeyaandika mpaka na aya. Roda hakuniacha nianze.

"Siku ile nilikuwa nimepanga kukataa," akasema, mikono yake ndani ya povu. "Nina vitenge vyangu sokoni, nina maisha yangu, nani anataka kuwa maiti? Nilisema nitawaacha wote waite, nitanyamaza, mwishowe nitainuka niende zangu Nakonde. Ndugu waliita, sikuitika hata mmoja. Nilikuwa nimeshainua goti. Ndipo ukaita wewe."

"Sikukuita wewe."

"Najua. Sauti yako ilikuwa inamtafuta mtu. Huyu," akaonyesha Pendo kwa kidevu, "akaniangalia aone kama kuna mtu ataitika."

Akasuuza kola ya shati. Akaniambia mama yake mzazi akipiga simu anamwita Enesi, na wiki iliyopita alisema, "Enesi, angekuwepo mwanangu Roda angenisaidia kulima." Mama yake mwenyewe. Walishakubaliana hivyo, desturi ni desturi. "Mayo, mama wee, hata mimi nilizikwa siku ile," akasema, "ila sikupewa sanda." Akacheka kile kicheko chake cha redio. Mimi sikuweza.

Yale maneno yangu ya radhi bado yako mfukoni. Sikuyatoa, yalikuwa mepesi mno. Nikaenda kukaa na Pendo kwenye ngazi.

"Mama mdogo, namba mbili inatoka lini?"

"Karibu. Unataka iweje?"

Akanitazama kama natania. "Mimi sijui. Wewe ndiye unayeandika."

Alikuwa na njaa. Nilisikia tumbo lake. Roda alikuwa hatua tano kutoka hapo na sufuria ya maharage jikoni, na katikati yao kulikuwa na karatasi zangu nane zilizokunjwa na kupigwa stepla vizuri.

Kwa hiyo nimeamua, na huu ndio mwisho wa ajenda.

Namba mbili naianza usiku wa leo, kabla mkono haujasita. Bunge la Nchi ya Kati litakiri kwamba lilikosea. Ibara ya kumi itarudi kama ulivyoiandika. Yule mgeni aliyetolewa kwenye geti wataenda kumchukua, watamwomba radhi, watamwita Kisanga, naye ataitika. Uso wako sitautumia tena, nitamchora mwenyewe. Vichwa vyote nimevirudisha kwenye bahasha na nitavipeleka kwa Mama Enesi, afanye atakavyo.

Lakini karatasi peke yake haitoshi. Mtoto ameshaona kwamba karatasi inaweza kubadilika kati ya namba moja na namba mbili. Nimemwomba mjomba wako awaite tena ndugu kesho, nami nitasimama mlangoni palepale na kumwita Roda kwa jina lile, Pendo akisikia. Safari hii kwa makusudi. Na baada ya kesho nitamwita hivyo sokoni, dukani, kwenye simu, mpaka ulimi uzoee. Nitamwita hivyo hata siku nitakapokuwa nimemkasirikia.

Unaona inamaanisha nini. Jina ni moja, haliwezi kukaa kwa watu wawili. Wewe uliyeandika ibara unalijua hilo, na sasa nakushukuru na kukulaani kwa pumzi moja. Ulikuwa na akili kuliko mimi. Uliacha sheria ya kumlea mwanao bila wewe, ukaniachia mimi kazi ya kukufuta.

Kwa hiyo barua hii ndiyo mara ya mwisho ninakuita. Nimerudi juu nikaisoma, nimekuita mara chache sana, nilijibana. Enesi. Enesi mwenye mwanya. Enesi uliyepiga stepla hovyo.

Naahidi kwamba sitakuita tena, hata kimoyomoyo, hata nikiwa peke yangu na bahasha. Nikikukumbuka nitakukumbuka kama mtu aliyepita njiani na beseni kichwani, ambaye sikuwahi kujua anaitwa nani. Naahidi Pendo atakula. Hizo ni ahadi mbili na ya kwanza ndiyo bei ya ya pili.

Nenda salama. Usinisubiri, usininong'oneze, usije ndotoni kunicheka mistari yangu.

Kesho saa kumi jioni nitaita jina lako kwa sauti mbele ya watu wote.

Usiitike.

Tusekile